Maji Yanayopita Mbele Yetu: Kwa Nini Tunapiga Foto za Mabaraji

Maneno ya kamati ya safari mbele ya mkutano wa wanachama, Kindu. Tumeyaandika jinsi yalivyosemwa.



Tumeombwa tujibu swali ambalo limezunguka sana katika kartie zote tatu, Kasuku, Mikelenge na Alunguli. Chama cha watu waliorudi, chenye kazi ya kusaidiana kwenye maziko, karo na dawa, kinatafuta nini kwenye mabaraji? Kwa nini watu wazima wapande pikipiki kutwa nzima, waende kupiga foto za ukuta na maji, kisha warudi na matope mpaka magotini? Wengine wamesema wazi kwamba maji tunayaona bure pale bandarini. Swali ni la haki. Pesa ya chama si ya kutembelea. Kwa hiyo tutajibu polepole, na tukimaliza mtapiga kura juu ya jambo la grupu ya pili, kwa sababu haya mawili ni jambo moja, hata kama kwa uso hayafanani.

Ilianza na shuka. Sisi ni watu wa kutoka pande zote, mnajua. Kuna waliokaa Lugufu na Nyarugusu kule Kigoma, kuna waliokuwa Zambia ya kaskazini, Kala na Mwange, kuna waliokimbilia Bukavu, na kuna waliofuata kazi ya migodi Kolwezi vita ikawakuta huko. Watoto wa Kigoma mpaka leo wanacheka Kiswahili chetu na sisi tunacheka chao, hiyo tuiache. Kijana mmoja alichora Lualaba kwenye shuka la zamani, mto mrefu katikati, akaomba kila mtu alete foto ya mto au baraji aliyoiona huko alikokuwa, tuibandike mahali pake. Tulifikiri zitakuja kumi. Zilijaza shuka, nyingine zimekunjwa mara nne, nyingine ziko ndani ya simu zilizopasuka kioo.

Na kumbe karibu zote zilikuwa za maji yetu.

Haya, tufuate. Aliyekaa Lugufu alikuwa karibu na mto Malagarasi. Malagarasi unaingia Ziwa Tanganyika. Aliyekaa Bukavu aliuona mto Rusizi ukitoka Ziwa Kivu, na pale pale mlangoni kuna baraji ya Rusizi ya Kwanza, ya mwaka 1959, na chini yake Rusizi ya Pili, ya 1989. Rusizi nao unaingia Tanganyika. Ziwa lenyewe lina mlango mmoja tu wa kutokea, ndio mto Lukuga pale Kalemie, na Lukuga unashuka mpaka unakutana na Lualaba upande wa Kabalo. Ni kweli jua linakunywa sehemu kubwa ya maji ya lile ziwa kabla hayajafika Lukuga, tusidanganyane. Lakini yale yanayobaki yanakuja huku: Kongolo, Kasongo pembeni, Kibombo, halafu hapa.

Waliokaa Kala, upande wa Kawambwa, wanayajua maporomoko ya Musonda, yenye mtambo wa umeme, kwenye mto Luongo. Luongo unaingia Luapula, Luapula unaingia Ziwa Mweru, na Mweru unatoka kwa jina la Luvua. Juu ya Luvua Wabelgiji walijenga mtambo wa Piana Mwanga kwa ajili ya bati la Manono. Luvua unamwaga kwa Lualaba pale Ankoro. Tena hapa.

Na wa Kolwezi je? Hao walikuwa kwenye kichwa cha mto wenyewe. Nzilo na Nseke, zote za miaka ya 1950, zimekaa juu ya Lualaba. Nseke peke yake ilijengwa kwa nguvu ya megawati karibu 250. Siku hizi kuna na Busanga, mpya, megawati 240, kwa ajili ya shaba. Kando yao kuna mto Lufira, wenye Mwadingusha tangu 1930 na Koni chini yake, nao unashuka kwenye Lualaba kule kwenye maziwa ya Upemba.

Tulipomaliza kubandika, mzee mmoja aliliangalia lile shuka akanyamaza sana. Halafu akauliza: maji haya yanafika hapa yakiwa yameshafanya kazi mara ngapi? Tukahesabu baraji za juu yetu kwa vidole, mkono mmoja haukutosha. Yamewasha viwanda, yamewasha hoteli, yameyeyusha shaba. Yanafika Kindu yamechoka, yanapita mbele ya bandari, na usiku sisi tunawasha taa ya simu.

Basi umeme kidogo tunaoupata unatoka wapi? Kwenye chumba chetu cha mkutano waliojua walikuwa wachache, na wengi wao wazee. Unatoka upande wa Kalima, karibu kilomita mia moja kutoka hapa, kwenye mto Lutshurukuru, ambao wengine wanauandika Rutshurukuru. Ni mto wa milima ya kwetu wenyewe, na unamwaga maji yake chini ya mji, yakielekea Ubundu. Kwa maneno mengine, maji yanayopita hapa hayatuwashii taa, na maji yanayotuwashia taa hayapiti hapa. Jambo kama hilo huwezi kulijua kwa kukaa kwenye ngazi za bandari.

Kabla ya Kalima lazima tuseme habari za ekluzi, kwa sababu vijana waliuliza sana, na kwa sababu inahusu bei ya mafuta.

Ndugu yetu mmoja aliyerudi kutoka Ubelgiji alileta albamu nzima. Kule kupiga foto za mifereji na ekluzi ni starehe ya watu wa Jumapili, wanakwenda na baiskeli na watoto na mikate. Ekluzi ni nini? Ni chumba cha mawe au zege ndani ya mto, chenye mlango mbele na mlango nyuma. Meli inaingia, mlango unafungwa, maji yanajazwa au yanatolewa, meli inapanda au inashuka kama ndoo ndani ya kisima, kisha mlango wa pili unafunguliwa inaendelea na safari. Mashine haisukumi meli, ni uzito wa maji tu. Na pale Strépy-Thieu wamepita hata hapo: tangu 2002 wana lifti ya meli. Meli inaingia ndani ya beseni kubwa la chuma lenye maji, na beseni zima linapandishwa mita 73. Karibu na hapo kuna lifti nne za zamani, bado zinafanya kazi, na UNESCO imeziandika katika urithi wa dunia mwaka 1998.

Kijana aliyechora shuka akauliza swali ambalo hatukulitegemea. Maporomoko ya Boyoma, kati ya Ubundu na Kisangani, yanashuka mita ngapi kwa jumla? Tukatafuta. Ni maporomoko saba katika kilomita kama mia moja, na yote pamoja yanashuka karibu mita 60. Mita 60! Yaani ngazi yote inayotuzuia kwenda Kisangani kwa meli ni fupi kuliko lifti moja ya Wabelgiji.

Wengine walikasirika. Sisi tunasema tusikasirike haraka, tuangalie foto vizuri. Kwenye mfereji wa Ubelgiji maji ni ya kupimwa, yamelala, yanasubiri meli. Wagenya wanaoishi juu ya yale maporomoko na kutega mitego yao ya miti ndani ya povu watakuambia kwamba Boyoma ni mto mzima unaokuja na nguvu zake zote, kwa upana wote, juu ya mwamba. Na ngazi zake hazikusanyiki mahali pamoja. Kampuni ya Empain, iliyoundwa mwaka 1902, haikuchimba hata ekluzi moja, ilizunguka maji kwa reli. Mwaka 1906 reli ilifika kutoka Kisangani mpaka Ubundu, kilomita 125. Mwaka 1911 ilitoka Kindu mpaka Kongolo, kwa sababu juu yetu kuna mawe mengine na ile Mlango wa Kuzimu, mto unapobanwa na milima. Mwaka 1915 ikafunguliwa ya Kabalo na Kalemie. Mji wa Kindu, huu tulioketi ndani yake, uko hapa kwa sababu hapa ndipo meli inapokoma na treni inapoanza. Sisi ni watu wa pale mzigo unaposhushwa.

Sasa hesabu na sisi pipa moja la mazutu. Linatoka Kinshasa ndani ya meli. Kisangani linashushwa. Linapakiwa treni kama treni ipo, na kama haipo linapakiwa lori au hata baiskeli kwa madumu. Ubundu linashushwa, linapakiwa balinyeri. Kindu linashushwa. Upande wa pili linatoka Dar es Salaam kwa reli mpaka Kigoma, meli mpaka Kalemie, treni tena, na kila mahali kuna mikono ya kushusha na mikono ya kupandisha, na kila mkono una watoto wa kulisha. Hatuwalaumu, wengi ni ndugu zetu. Lakini lita ikifika hapa imekuwa kama dawa ya duka. Na siku treni ikikaa wiki tatu bila kuja, akina mama wa samaki wanajua grupu yetu inanyamaza siku ngapi.

Kwenye shuka tumebandika foto nane za bandari, zimepigwa kutoka pale pale, kwenye kona ya ngazi, katika miezi tofauti. Mtu wa mbali ataona mapipa tu. Ninyi mtaona siku gani yalikuwepo na siku gani hayakuwepo.

Sasa Kalima.

Tulikwenda mara mbili, watu kumi na mmoja, na kila mtu alijilipia pikipiki yake. Hilo tunalisema mapema, wenye kushika daftari la pesa wanaweza kushuhudia. Mara ya kwanza ilikuwa mwezi wa nne, mvua inanyesha, na tulivuka kwenda Alunguli asubuhi sana kabla bake haijajaa. Mara ya pili ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa saba, kiangazi. Njia hatutaieleza, mwenye mgongo wake anaijua.

Kalima mnaijua kwa jina la bati. Kampuni ya Symétain, ya mwaka 1932, ndiyo iliyochimba bati kule, na mtambo wa umeme wa Lutshurukuru ulijengwa kwa ajili ya migodi ile. Hii tunaomba muishike. Haukujengwa kwa ajili ya Kindu. Ulijengwa uzungushe mashine za kampuni, uwashe nyumba za wakubwa na ofisi. Sisi tumekuja baadaye kukaa mezani kwa chakula kilichopikwa kwa watu wengine, na mji umekua na kuendelea kukua, na sufuria ni ile ile.

Wafanyakazi walitupokea vizuri, wakatueleza kwa subira kama wanafunzi. Maji yanazuiwa na ukuta. Yanapita kwenye wavu wa chuma unaokamata majani na magogo. Yanaingia kwenye bomba, yanashuka kwa kasi, yanapiga mabawa ya turbini, turbini inazungusha mashine ya umeme, na maji yanarudi mtoni safi kama yalivyokuja. Nguvu inategemea mambo mawili tu: maji kiasi gani na yanashuka kimo gani. Mmoja wao alituandikia hesabu kwa chaki kwenye jiwe. Mita moja ya ujazo ya maji kila sekunde, ikishuka mita 10, inatoa kama kilowati 100 kwa hesabu ya kitabu, na mashine inakupa pungufu ya hapo, kwa sababu kila chuma kinakula kidogo. Mama mmoja wa kwetu, ambaye hakusoma sana lakini anauza unga, alisema: basi ni kama kinu, ukipunguza mahindi unapata unga kidogo, hakuna uchawi. Hakuna uchawi kweli.

Tazameni foto hizi mbili zilizobandikwa pamoja. Zimepigwa kutoka kwenye jiwe lile lile, simu imeshikwa kwa urefu ule ule, na kijana yule yule amesimama na fimbo ile ile ya mita mbili ili mtu aone vipimo. Ya kushoto ni mwezi wa nne: maji yanaruka juu ya ukuta, meupe, huoni zege. Ya kulia ni mwezi wa saba: ukuta wote uko nje, umekauka, una ukungu na nyasi kwenye nyufa, na maji yote yaliyopo yanaingia kwenye wavu, hakuna tone la kuruka. Hapo hakuna mtu aliyefunga kitu. Hakuna aliyeiba. Mto umepungua, basi. Sisi hapa mwezi wa saba, umeme ukikatika, tunatafuta wa kumlaumu, tunasema fulani amekula. Labda amekula, hatujui, lakini foto hii inaonyesha kwamba hata kama wote wangekuwa malaika, katika kiangazi sufuria haitoshi.

Jambo la pili ambalo foto zimeonyesha ni rangi. Katika foto za mwezi wa nne maji yana rangi ya chai ya maziwa. Mvua inaleta udongo, hilo ni la kawaida, lakini tulipanda kidogo juu ya mto tukaona mashimo na mabeseni ya kuoshea kasiterite, vijana wengi, wengine wanatuita kwa majina. Udongo unaooshwa hauna pa kwenda isipokuwa mtoni, na unakuja kukaa nyuma ya ukuta, mahali palipokuwa pa maji. Mchanga ukipita ndani unakwangua mabawa ya turbini kama msasa. Hatukwenda kugombana na wachimbaji. Hiyo ndiyo riziki yao, na baadhi ya michango ya maziko ya chama hiki inatoka kwenye beseni lile. Tunasema tu kwamba beseni na taa vinakunywa kwenye mto mmoja, na ni vizuri mtu awe na foto yenye tarehe siku watu watakapokaa kuzungumza.

Tuingie kwenye kupiga foto kwenyewe, maana wengi wenu, na hasa vijana, mnataka kwenda na simu kesho.

Msiende hivyo. Katika nchi yetu baraji, daraja, bandari, gare na uwanja wa ndege ni mahali pa kuangaliwa kwa macho, si kwa simu, mpaka uwe na karatasi. Ilikuwa hivyo zamani na ni hivyo sasa. Sisi wenyewe, katika bandari moja ambayo hatutaitaja, askari mmoja alichukua simu mbili za wenzetu, zikakaa kwake siku mbili, ingawa barua tulikuwa nayo mfukoni. Aliisoma kuanzia chini, kwenye muhuri, akapanda juu. Siku ya tatu tulizipata, na wakati huo tulijifunza kwamba barua moja haitoshi. Sasa tunabeba tatu: ya wenye mtambo, ya wakubwa wa serikali wa mahali, na ya chama yenye majina yote ya watakaokuwepo. Tunafika, tunasalimia, tunakaa, tunasubiri tuambiwe wapi ni ruhusa na wapi hapana. Ndani ya nyumba ya mashine hatupigi. Uso wa mlinzi hatupigi. Transfoma hatupigi. Tunapiga ukuta, maji, kingo za mto, na njia. Tukimaliza tunawaonyesha foto zote, na wakisema futa hii, tunafuta. Nakala tunawapelekea, na hiyo ndiyo iliyotufungulia mlango mara ya pili. Walitucheka wakasema hawa ndio wale waliorudisha.

Foto moja nzuri haina kazi sana kwetu. Mtu akikuletea foto ya maporomoko na upinde wa mvua, msifu, halafu muulize: uliipiga lini, umesimama wapi, na mwaka kesho mtu mwingine ataweza kusimama hapo hapo? Asipojua, foto hiyo ni ya ukutani. Yetu ina tarehe nyuma, ina jina la mahali, ina fimbo. Mzee mmoja aliyekuwa reli zamani ametufundisha na hili: piga na namba iliyopakwa kwenye nguzo au jiwe kama ipo, ndiyo haihami. Pale bandarini kuna ngazi za kupimia kimo cha maji. Ukiingiza namba zile ndani ya foto, umepata kipimo na picha kwa mara moja.

Sasa grupu.

Marafiki wetu wa mbali wametuandikia kwa moyo mzuri. Wako tayari kutununulia grupu ya pili, kubwa kuliko hii, kwa ajili ya chumba cha baridi cha samaki na karakana ya kuchomelea. Tunawashukuru sana, na tunaomba wasione kwamba tunakataa mkono. Lakini sisi wa kamati, baada ya kuona yote tuliyoyaona, hatuungi mkono grupu, na sababu zetu ziko kwenye lile shuka.

Grupu inakula mazutu, na mazutu tumewaonyesha yanapandishwa na kushushwa mara ngapi. Mwaka wa kwanza wafadhili watalipia mafuta. Mwaka wa pili nani? Tutakuwa na chuma kikubwa kimekaa chini ya turubai kama kile kilichopo nyuma ya shule moja hapa mjini, kuku wanataga mayai ndani yake. Kusema tungoje umeme wa Kalima uwe wa saa zote, foto ya mwezi wa saba imeshajibu. Na kusema siku moja watajenga baraji hapa juu ya Lualaba, labda, watoto wetu wataona. Samaki wa mama hawangoji mtoto akue.

Tunachopendekeza ni hivi. Chumba cha baridi kiwekewe pano za jua na betri, kidogo kuliko tulivyoota, cha kufanya barafu mchana jua linapokuwa kali. Kiangazi, wakati mto umepungua na umeme wa Kalima ni mdogo, ndipo na mvua haipo na jua linaonekana zaidi. Vitu viwili vinapokezana, na hilo ni jambo zuri. Karakana ya kuchomelea inataka nguvu nyingi kwa muda mfupi, kwa hiyo ibaki kwenye umeme wa mji, ifanye kazi saa umeme unapokuja, hata kama ni usiku, na mwezi wa saba na wa nane wachomeleaji wapunguze maagizo. Grupu ya zamani itengenezwe, ikae kwa siku za matatizo. Pesa inayobaki, kama wafadhili watakubali, iingie kwenye mtumbwi wa injini wa akina mama, kwa sababu samaki anayefika mapema haombi barafu nyingi.

Kuna wanaopinga, na tunawaheshimu. Wanasema betri zinakufa baada ya miaka michache na hakuna mtu Kindu wa kuzirekebisha. Hiyo ni kweli. Tumeomba katika bajeti vijana wawili wafundishwe, na pesa ya betri mpya iwekwe pembeni kila mwezi kutoka kwa bei ya barafu, ndani ya sanduku lenye funguo tatu kama lile la maziko. Wengine wanasema pano zitaibiwa. Zitaibiwa kama zitawekwa mahali pasipo watu. Ndiyo maana tumesema juu ya paa la soko, na si kwenye kiwanja cha chama. Mwenye jawabu bora alete, mkutano ni wenu.

Kwa marafiki wa mbali tunaongeza jambo moja. Mtatumiwa foto kumi na nne pamoja na jarida hili. Hakuna hata moja ya mtoto anayelia. Ni za ukuta, mapipa, ngazi za bandari na mto. Tunaomba mziangalie kwa mpangilio wa namba, mkiwa na ramani, na mtuulize maswali magumu. Tukiomba kitu mwaka ujao, tutakiomba na foto za mahali pale pale.

Safari ya tatu ni mwezi wa kumi, mvua zikianza, ili tuone maji yanarudi kwa siku ngapi. Watakaokwenda waandikishe majina kwa katibu kabla ya mwisho wa mwezi, na nakala ya kitambulisho, kwa sababu barua zinachukua wiki tatu. Kila mtu alete kofia na viatu vya kufunga. Waliokwenda na kandambili mwezi wa nne hawahitaji kukumbushwa. Na mwenye foto ya zamani ya bandari, ya gare, ya meli za Ubundu, ya Kalima ya bati, hata iliyoliwa na mende, ailete hapa Jumamosi. Tutaipiga mbele yake, tutaandika nyuma yake kile anachokumbuka, na ataondoka nayo siku hiyo hiyo. Masanduku ya kura yako mezani, la kijani ni pano, jekundu ni grupu.